Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu gemu za kompyuta, na majibu yangu

Nakaa Tabata, nacheza gemu kwenye kompyuta tangu enzi za intaneti kafe pale Sinza tulipokuwa tunalipia nusu saa watu watatu tunapokezana mausi. Mtaani nikionekana nimebeba kesi ya kompyuta naulizwa maswali yale yale, kazini naulizwa, shemeji yangu naye ananiuliza kwa ajili ya mtoto wake, kwahiyo nimeona niyajibu yote sehemu moja. Haya ni maoni yangu, ila ninapotaja tarehe na namba nimehakikisha.

Kaka si ununue tu PS (PlayStation) uchomeke kwenye TV, kompyuta ya nini?

PS naipenda, nimekulia kwenye banda la gemu kama watoto wengi wa uswahilini, unakaa kwenye benchi na sarafu yako mkononi, anayefungwa anampisha mwenzie. Kama unachotaka ni mpira na washkaji sebuleni chukua PS wala sikupingi.

Mimi nimeng'ang'ania kompyuta kwasababu kompyuta ni kitu changu kweli kweli. Nina bisibisi, naifungua. Feni ikifa nabadilisha feni siyo mashine nzima, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa ndogo naongeza mwezi ujao nikipata hela, mchana dada anaandikia kazi zake za chuo hapo hapo alafu usiku nacheza. Na gemu nilizonunua 2016 bado ninazo, nimeshabadilisha kompyuta mara tatu na zote zimenifuata. Jamaa yangu alikuwa na kabati la diski za PS3, alipohamia PS4 haikusoma hata moja, akaanza kununua upya. Kwa mtu ambaye hela yake inatoka kwa jasho hilo siyo jambo dogo, kitu ukishakilipia kinatakiwa kibaki na wewe. Utaniona narudia sana hili huko chini maana ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye gemu za siku hizi.

Nina kama laki tano, napata kompyuta ya gemu?

Unapata, ila usiende Kariakoo kuulizia "kompyuta ya gemu" maana ukitamka hivyo tu bei inapanda na utapewa kesi yenye mataa ya rangi ndani hamna kitu. Ulizia desktop za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk zinazoshuka na makontena kutoka nje. Tafuta yenye prosesa ya i5 au i7, kizazi cha sita kwenda juu kama unaweza. Yangu ya kwanza ilikuwa OptiPlex, ilinigharimu laki tatu na thelathini baada ya kubishana nusu saa.

Alafu sasa kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, hapa ndo watu wanapopigwa. Hizo desktop za ofisi pawa saplai yake (boksi la kugawa umeme ndani) ni ndogo na haina zile waya za ziada za kulisha kadi kubwa, kwahiyo unatafuta kadi isiyohitaji waya, inayokula umeme kupitia slot yake tu kwenye madabodi, na slot inatoa wati 75 basi. Zilizo maarufu ni GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, na hata hapo angalia nyuma kama haina tundu la waya maana kuna matoleo yaliwekewa. Pia pima kesi yako kabla hujatoka nyumbani, zile nyembamba zinachukua kadi fupi tu, kuna mtu alikuja kwangu na kadi ndefu amenunua Posta haiingii na duka limekataa kurudisha.

Kuhusu kadi feki nisikilize vizuri kwasababu limenikuta. Nilinunua kadi imeandikwa GTX 1050 Ti, boksi safi, plastiki haijachanwa, nikachomeka Windows ikasema kabisa 1050 Ti, nikafungua gemu ikawa inaganda kila sekunde mbili nikafikiri ni ramu nikanunua ramu, bado, nikafikiri ni diski nikanunua SSD (diski ya kasi), bado. Mwisho nikashusha programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z, ikanionyesha kwamba chipu ya ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010 imebadilishwa jina kwenye programu yake. Hela ya miezi minne. Kwahiyo sasa hivi siendi kununua kadi bila flashi yenye GPU-Z mfukoni, naomba ichomekwe hapo hapo dukani mbele yangu, muuzaji akikataa naondoka hata kama bei ni nzuri kiasi gani.

Hela ikibaki weka SSD hata ndogo ya Windows, na ramu weka vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa maana hiyo inaazima ramu ya kompyuta na vipande viwili vinaipa njia mbili za kupitia. Utofauti unauona kwa macho.

Laptop je?

Kama unahama hama au chumba ni kidogo sawa. Ila joto la Dar na laptop ya gemu ni maadui, na kadi yake ikifa huwezi kuchomoa ukaweka nyingine.

Umeme unakatika kila mara, si utaiunguza?

Kinachounguza mara nyingi siyo kukatika, ni kurudi. Umeme ukikatika chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu, ukirudi subiri dakika kadhaa utulie ndo uchomeke. UPS ndogo, lile boksi la betri, nayo inakupa dakika za kusevu na kuzima vizuri, usifikiri utacheza nayo saa nzima.

Kuhusu luku, watu wanatishana sana. Kompyuta kama hiyo niliyoielezea hapo juu pamoja na kadi yake ikifanya kazi kweli inakula kama wati 150, maana yake uniti moja inakutoa masaa sita mpaka saba ya kucheza. Pasi ya nguo inakula zaidi. Ukinunua kadi kubwa kama RTX 3090 ambayo peke yake ni wati 350 hapo tena ni habari nyingine.

Kwetu adui mkubwa ni vumbi na chumvi ya bahari. Fungua kila baada ya miezi miwili mitatu, pitisha blowa huku umeshika feni zisizunguke, na kila mwaka badilisha ile pesti ya juu ya prosesa maana inakauka. Kompyuta nyingi ninazoletewa zimekufa Januari na Februari joto likiwa kali, ukifungua unakuta zuria la vumbi ndani, mwenyewe anasema gemu imemuharibia.

Gemu mpya ni dola 70, nani ana hela hiyo? Si bora kreki?

Mimi kreki, yani gemu iliyovunjwa kufuli ichezwe bila kulipia, nimecheza miaka mingi, zile CD za kuchomwa za Kariakoo zenye gemu kumi ndani ndo zilizonilea na sitamhukumu mtoto wa shule asiye na njia nyingine. Lakini kama una kipato hata kidogo nakuomba uache. Kwanza virusi, asilimia kubwa ya kompyuta zilizoibiwa akaunti ninazoletewa mtu alizima antivirus mwenyewe ili kreki iingie. Pili kuna watu nyuma ya hizo gemu. Stardew Valley ya 2016 imetengenezwa na mtu mmoja anaitwa Eric Barone, picha, muziki, hadithi, kila kitu, amekaa nayo zaidi ya miaka minne. Mtu kama huyo mnunulie.

Na siyo lazima iwe laki na nusu na zaidi. Usinunue gemu siku inatoka, subiri mwaka au zaidi, nyingi zinashuka bei sana na wakati huo makosa yake yamesharekebishwa. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa mbovu mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao kwa miezi sita, waliowahi ndo walioumia, aliyesubiri amepata gemu nzuri sana kwa bei nafuu. Epic, duka la gemu la mtandaoni, wanagawa gemu za bure tangu mwisho wa 2018, na siku hizi ni kila wiki, Mei 2020 waligawa GTA V yenyewe. Na Steam, duka lingine la mtandaoni, ukinunua ukaona haifai unarudishiwa hela yako ikiwa hazijapita siku 14 na hujacheza masaa mawili, sheria hiyo ipo tangu 2015, itumie, unanunua unajaribu kama inaganda kwenye kompyuta yako unarudisha. Kulipia natumia kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye menyu ya pesa ya simu, weka kiasi kile kile unachohitaji na kidogo cha makato.

Nikishanunua ni yangu si ndiyo?

Hapana, na hapa naomba mtulie.

Steam tangu Oktoba 2024 wanakuandikia wazi kabisa kabla hujalipa kwamba unanunua leseni ya kutumia gemu siyo gemu yenyewe, baada ya California kupitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji wa mtandaoni waseme ukweli. Yani miaka yote ilikuwa hivyo tu ila hatukuambiwa. Valve, wenye Steam, kwa upande wao hawajawahi kunisumbua, lakini kuna makampuni ambayo yamefanya kweli. Ubisoft walikuwa na gemu ya magari inaitwa The Crew, ya 2014, ungeweza kuicheza peke yako kabisa unazunguka Marekani nzima kwa gari, lakini ilikuwa lazima iongee na seva zao, yani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kwa mtandao. Machi 31, 2024 wakazima seva. Basi. Aliyenunua kwa hela yake, hata mwenye diski mkononi, hana kitu. Ni kama fundi seremala amekuuzia kitanda alafu baada ya miaka kumi anaingia ndani kwako anakibeba anakwambia ulikuwa umekodi.

Ndo hapo Ross Scott, mtu wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games (acheni kuua gemu), wakakusanya saini Ulaya zikapita milioni moja Julai 2025. Sisi hatuna haki ya kusaini ile ya Ulaya lakini linatuhusu kuliko hata wao. Fikiria mtu wa Mbagala anayeishi kwa bando la wiki, ameshusha gemu ya giga 60 usiku kwa shida, kaifungua bando limeisha inamwambia haiwezi kuendelea bila mtandao, na ni gemu ya mtu mmoja! Hakuna mchezaji mwingine mle ndani! SimCity ya 2013, gemu ya kujenga mji, ilifanya hivyo hivyo, seva zikazidiwa siku ya kwanza hata Wamarekani wenye intaneti ya waya wakashindwa kucheza mji wao wenyewe, na mwaka uliofuata wakaleta toleo la kucheza bila mtandao. Kwahiyo ilikuwa inawezekana.

Ushauri wangu: kabla hujanunua gemu ya kucheza peke yako tafuta kama inafunguka bila intaneti. GOG, duka lingine la mtandaoni, wanauza gemu zisizo na kufuli lolote, unashusha faili unaweka kwenye diski ya nje, hata kampuni ife kesho faili unalo. Mimi nina diski ya terabaiti moja kabatini ina The Witcher 3 na nyingine kama 40, na nikiwa na mtoto nitampa.

Yale maboksi ya bahati ndani ya gemu una maoni gani?

Ni dubwi. Sitafuti neno lingine. Zile mashine za sarafu zilizojaa mitaani kwetu ambazo watoto wanamalizia hela ya daladala, ni kitu kile kile, unaweka hela hujui utapata nini, taa zinawaka, karibu upate, jaribu tena. Star Wars Battlefront II ilipokuja 2017 wachezaji walipiga hesabu wakaona kumfungua Darth Vader unahitaji kama masaa 40 ya kucheza au ulipe ubahatishe, kelele zikawa kubwa EA, kampuni yenye gemu hiyo, wakazima malipo kabla hata gemu haijatoka rasmi. Mwaka uliofuata tume ya kamari ya Ubelgiji ikasema wazi kwamba maboksi ya kulipia kwenye baadhi ya gemu ni kamari. Huku kwetu mtu wa miaka 12 haruhusiwi kubeti lakini kwenye simu ya baba yake anafungua vifurushi vya wachezaji mpira hata mara ishirini kwa siku na hakuna anayeuliza. Wazazi angalieni kwenye muamala wa simu siyo kwenye skrini.

Kwanini pingi yangu ni kubwa hata nikilipia intaneti ya kasi?

Pingi ni muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, na ni kubwa kwasababu kasi na umbali ni vitu viwili. Seva nyingi za karibu yetu ziko Johannesburg, kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya unakimbia kama kilomita laki mbili kwa sekunde, kwahiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 25 hata kama kila kitu kingekuwa kamili, na hakiko kamili maana waya unazunguka baharini. Mimi Afrika Kusini napata 70 hivi, Ulaya 160. Kwa Dota 2 inatosha, kwa Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, utajikuta umekufa wakati ushajificha nyuma ya ukuta. Tumia waya badala ya waifai, chagua seva mwenyewe, zima simu zote za nyumbani zinazojiapdeti. Na kuna siku huna la kufanya, kama Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja intaneti ya nchi nzima ikawa inasota.

Mbona watu wanatukana sana huko onlaini?

Wanatukana kwasababu hakuna anayewazuia, na sisi tunaokaa kimya tumo. Mdogo wangu wa kike anapiga risasi vizuri kuliko mimi, akiwasha maiki tu aseme adui yuko wapi kuna mtu ataanza, mara akapike, mara amtumie namba. Sasa hivi anacheza maiki imezimwa, timu inakosa taarifa zake, tunafungwa. Hiyo siyo utani wa kijiweni. Ukimsikia mwenzako kwenye timu anafanya hivyo mwambie hapo hapo anyamaze, ripoti, sekunde tano tu. Na wanaochiti nao ni hivyo hivyo, rafiki yangu wa damu nilimuona anatumia programu ya kuona watu nyuma ya ukuta nikaacha kucheza naye mpaka leo.

Windows 10 wameacha kuihudumia, kompyuta yangu ni ya zamani, niitupe?

Usitupe! Ni kweli Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, maana yake desktop nyingi zilizojaa Kariakoo zimeachwa nje wakati ni nzima kabisa. Weka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Valve tangu 2018 wana kitu kinaitwa Proton ndani ya Steam kinachofanya gemu za Windows zifunguke kwenye Linux, ndicho kinachoendesha gemu kwenye ile Steam Deck, mashine yao ya gemu ya kushika mkononi. OptiPlex yangu ya zamani iko hivyo, anaitumia binamu yangu Kimara anacheza Terraria na Hollow Knight bila shida. Kitakachokugomea ni baadhi ya gemu za onlaini zenye ulinzi mkali wa kuzuia wanaochiti, Valorant kwa mfano haifunguki.

GTA 6 kwenye PC lini?

Rockstar, wanaotengeneza GTA, wametangaza PS5 na Xbox tu. San Andreas ilichelewa kuja kompyuta zaidi ya miezi saba, GTA V ikachelewa zaidi ya mwaka na nusu. Subiri, uweke hela.

Mama anasema gemu zinamharibu mdogo wangu.

Usimbishie mama, msikilize kwanza. Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la gemu kwenye orodha yao mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini soma wanachosema: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kila kitu, maisha yameharibika na bado anaendelea, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto anayecheza masaa mawili Jumamosi baada ya kufua nguo zake hayumo. Mtoto anayetoroka shule, haogi, anaiba hela, huyo ana shida na mara nyingi gemu ni mahali anapojifichia, mtafute kilichomkimbiza. Mimi baba alipofariki nilicheza miezi mitatu mfululizo usiku kucha, mjomba wangu hakuninyang'anya kompyuta, alikuwa anakuja anakaa pembeni ananiuliza huyu ni nani, unamfukuzia nini, mpaka nikaanza kuongea.

Kuna gemu zenye Kiswahili kweli?

Zipo na zinanitoa machozi. Civilization IV ya 2005 ukiifungua tu unapokelewa na kwaya inaimba Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili, kaitunga Christopher Tin, na 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Alafu Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau, kijana anamfuata mungu wa kifo ili amrudishe baba yake, aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempoteza baba yake kweli. Unaweza kuweka sauti za Kiswahili. Nilicheza usiku mmoja na nusu, kusikia lugha ya bibi yangu inatoka kwenye spika zangu siyo kwa kuchekesha wala kwa kupamba bali kwa kuomboleza, sijui niseme nini zaidi. Kwenye gemu za Kiafrika, ingawa siyo za Kiswahili, Wakameruni nao walitangulia 2016 na Aurion ya Kiro'o Games.

Na sisi tunaweza kutengeneza?

Tunaweza na wengine wameshaanza bila kujua. Vijana wanaopaka mabasi ya mikoani rangi zake halisi na kuyaingiza kwenye gemu za kuendesha mabasi, mpaka honi na maandishi ya nyuma ya kioo, hiyo tayari ni kazi. Counter-Strike yenyewe ilianza 1999 kama modi (gemu iliyobadilishwa na wachezaji) ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, juu ya gemu ya watu wengine. Dota ilianza kama ramani ndani ya Warcraft III. Modi inawezekana kwasababu kompyuta inakuruhusu kuingia ndani ya faili, kitu ambacho PS haikupi hivi hivi.

Anza na Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure kabisa, haidai leseni wala asilimia ya mauzo yako, haifiki hata megabaiti 200 na inafunguka kwenye desktop ya ofisi bila kadi. Picha chora na Krita au Blender, bure pia. Usianze na GTA ya Kariakoo, anza na mpira mmoja unaodunda kwenye skrini. Binamu yangu wa Kimara wiki iliyopita kanitumia video, bajaji ya miraba miwili mitatu inakwepa mashimo, haina sauti, na mashimo yote yanafanana. Nimemuomba faili nikalicheza mpaka saa sita usiku.